Bungua Katika Kuni za Padre

Jumamosi, 14 Septemba 1996

Mume wangu Emilian ameng'oa mibuni leo kule bondeni. Wala hakutumia jembe. Alishika shina, akasukuma kwa goti, likakatika chini kabisa, karibu na udongo. Miti iliyokuwa na majani mazuri mwezi uliopita! Akaja na mmoja begani, akautupa mbele ya jiko. "Mwalimu, wewe si unafundisha sayansi? Haya, nifundishe hiki."

Tukaupasua kwa shoka. Mungu wangu! Ndani ya shina mna barabara. Si tundu – barabara, laini kabisa, inapinda penye kifundo halafu inaendelea na safari. Mwisho wa barabara yuko mwenyewe. Funza mweupe, mnene, urefu wa kidole changu cha kati. Hana mguu hata mmoja. Ana kakichwa ka kahawia na meno. Mti mgumu namna hii, na yeye ana meno tu! Nilimsogezea ncha ya kisu, akageuka kuiuma.

Emilian alitaka kumtupia kuku. Nikasema ngoja kwanza. Nikamtazama mpaka uji wa Beata ukaungua, na Beata akasema, mama, siku moja utamtazama mdudu nyumba iungue.

Watu wanamwita bungua. Zamani chama cha ushirika kilileta dawa, mashina yakapakwa kila mwaka, na bungua tulimsikia kwa mbali kama tunavyosikia simba wa Liparamba. Sasa ushirika umelala. Wamekuja wanunuzi binafsi na mizani yao – wanapima, wanapakia, kwaheri. Dawa jitafutie. Bungua naye kasikia kwamba soko ni huria.

Habari njema: shemeji yangu Ignatio anapewa upadre Mbinga tarehe 21 Novemba. Misa yake ya kwanza ataisomea hapa nyumbani, Jumapili ya Kristo Mfalme. Mama mkwe amelia mpaka kitambaa cha kichwa kimelowa. Padre wa kwanza katika ukoo!


Jumamosi, 21 Septemba

Nimeshinda shambani kwa Mama mkwe, Mama Ottilia, hapo juu ya nyumba yake. Ndilo shamba pekee katika kilima chetu ambalo bungua hajaligusa. Siri si siri: kila Jumamosi Mama anasugua mashina kwa gunzi la hindi, kuanzia kwenye udongo mpaka kiunoni. Bungua anataga penye gome lenye mikunjo, gome laini halimfai. Walifundishwa wote, wakati ule mabwana shamba walikuwa na petroli. Wote walirudi nyumbani wakacheka. Mama Ottilia peke yake ndiye aliyeanza "kuogesha miti".

Shamba hili ndilo lililomsomesha Ignatio seminari. Na ndilo tunalolitegemea Januari, Beata akichaguliwa kwenda sekondari. Letu la bondeni limekwisha. Hili la Mama nimelisugua naye leo mpaka kucha zimekatika. Akanitania mimi mtoto wa ziwani: Mnyasa, hii si kuparua samaki, taratibu.

Mchana kafika Bwana Shamba Nathaniel, kijana wa Kaskazini, Mlutheri, mpole. Pikipiki ameiacha ofisini haina mafuta. Kaitisha mkutano pale shuleni. Maneno yake yalikuwa mafupi: mti ulioingiliwa ung'oeni, mchome. Wazee wakaitikia kwa furaha kabisa, "Tutachoma, Bwana Shamba!" Hajawahi kukubaliwa upesi hivyo, nilimwona anashangaa.

Baadaye nikamwonyesha tawi lililonyauka nililolikuta kwa jirani. Macho yakamwaka. Kumbe ni mwingine! Yupo bungua mweupe, wa shinani, na yupo bungua kichwa-njano, wa matawini. Wote wawili ni mbawakawa wenye vipapasio virefu, ukoo mmoja, tabia mbalimbali. Nimeomba anitafutie wote wawili. Kaniuliza wa nini. Nikasema wa darasa la sita. Uongo – ni wa kwangu.


Jumapili, 29 Septemba

Baada ya Misa wanaume wamekaa kwenye sengu, pale kwa Mzee Antoni, baba mkubwa wa Emilian, wanapokula pamoja na kukata mashauri ya ukoo. Sisi wanawake tunapika, tunapeleka, tunarudi. Shauri lilifika jikoni kabla vyombo havijarudi: kila nyumba italeta kuni za padre. Zirundikwe kwa Mama Ottilia, zikauke vizuri. Pombe, ng'ombe, wali – vyote vitapikwa kwa kuni hizo, na Mzee Antoni mwenyewe ndiye atakayewasha moto wa kwanza, Jumapili alfajiri. Kabla ya hapo kuni haziguswi. Hata kijiti cha kuchochea, hapana. Ndivyo ilivyo kwa kuni za heshima hapa. Kwetu ziwani ukiwa na sherehe unaazima kuni, unapika, basi. Wamatengo wana mambo!

Kuni zitatoka wapi? Msitu ulikwisha zamani. Wifi yangu Tadea akajibu bila kufikiri: si kahawa tulizong'oa? Zinawaka vizuri mno, hazina moshi. Na Bwana Shamba kasema tuchome.

Tukacheka wote. Tumeua ndege wawili – hapana, tumeua bungua na kumpikia padre. Nilicheka zaidi ya wote.


Jumamosi, 12 Oktoba

Wanakuja! Wamama wanashuka kilimani na matita kichwani, wanaimba. Wengine wametoka ng'ambo ya mto. Kila anayetua tita, Mama Ottilia anampigia magoti na kumkaribisha togwa. Mlundo umepita madirisha. Mashina ya kahawa ya kilima kizima, yamekaa hapo yamejikunja na mizizi yao kama watu wanaosubiri kuitwa. Kuna bibi mjane, hana hata mbuzi, kaleta mashina matatu, ndiyo yote aliyokuwa nayo. Nililia kidogo nyuma ya jiko.

Nathaniel kaniletea chupa mbili, kila moja na bungua wake. Nimeziweka mezani na sijasahihisha daftari hata moja.

Kichwa-njano: mwembamba, maridadi, kichwa na mabega rangi ya embe, mabawa meusi, kama kijana aliyevaa kwenda mjini. Huyu anataga kwenye ncha ya tawi. Mtoto wake anakula kushuka, kutoka vidoleni kuelekea mwilini, na kila baada ya hatua anatoboa kadirisha ka kutupia uchafu. Tawi linabaki na matundu kwa mstari, sawasawa kama filimbi. Nimelipuliza! Halikulia, nimekula unga tu. Lakini huyu ana adabu, anaonyesha alipofika. Unakata chini ya tundu la mwisho, mti unapona.

Mweupe: mnene, mzito, mabawa yamepauka kama gome lenye ukungu, mwishoni kahawia. Ukimweka kwenye shina humwoni. Vipapasio virefu kupita mwili wake wote. Huyu anaanzia miguuni. Mtoto anazunguka chini ya gome kama mkanda, anakata njia ya maji, halafu ndipo anaingia ndani. Hana madirisha. Majani yakigeuka njano, yeye ameshamaliza zamani. Na anakaa humo karibu miaka miwili! Waliotoka bondeni kwetu waliingia wakati ushirika bado unapumua. Sisi tumebadilishiwa bei, wanunuzi, siasa, kila kitu – yeye yuko gizani anatafuna.

 Mungu aliyewaza viumbe hivi viwili, mmoja aanze juu, mmoja aanze chini, kwa mti mmoja! Nani aliwagawia?


Jumatano, 16 Oktoba

Nimefundisha bungua. Darasa kimya – jambo ambalo halijatokea tangu Februari. Mwalimu Mkuu kachungulia dirishani akidhani nimeondoka.


Jumamosi, 2 Novemba – Mbaha

Marehemu Wote. Nimeshuka na lori linalofuata usipa, dagaa wetu wa ziwani, halafu mguu. Nimesafisha kaburi la mama, nimeweka maua. Joto! Nimesahau joto la kwetu. Baba amenicheka kwamba nimekuwa Mmatengo, napanda mlima hata kwenye tambarare.

Baba anachonga mtumbwi. Gogo limeanguka jana na gome tayari ameshalibandua lote. Nikamuuliza haraka ya nini. Kanionyesha kipande cha gome kilichobaki upande wa chini: mbawakawa! Mkubwa, wa kahawia, vipapasio kama mishipi miwili ya kuvulia. Wa tatu huyo. Huyu mti uliosimama haugusi. Anangoja uangukie chini, na jioni ileile ameshafika, sijui anausikia kwa pua ipi. Ukichelewa kubandua gome, ametaga. Basi sasa ninao watatu: wa juu, wa chini, na wa msibani. Nilipiga makofi peke yangu pale mchangani. Baba kaniangalia kama anafikiria kumwita katekista.

Halafu akaanza kulalamika, ndivyo alivyo. Mtumbwi wa mjomba Henry, aliomchongea mwaka juzi, mwezi wa sita ulianza kuingiza maji. Wakautoa, wakaukagua: tundu ubavuni, duara safi kama limepigwa keke. Linatokea ndani kuja nje. Mjomba akadai amechongewa ubao mbovu, wameacha kusalimiana. Baba anasema ubao ulikuwa mzima, ila alikuwemo mtu. Alikuwa humo siku zote, katika ubao mkavu, anakula. Mjomba anavua, yeye anakula. Siku yake ilipofika akatoboa, akaenda zake.

Nilikuwa nakula ugali. Tonge nikalirudisha sahanini.

Ubao mkavu. Mwaka mzima na zaidi. Na alitoka mzima.

Kuni za padre!

Kilima kizima tumekusanya bungua wetu, tukawabeba vichwani kwa nyimbo, tukawapanga vizuri hatua chache kutoka shamba la Mama. Mvua zinakuja. Nathaniel alisema wanatoka na mvua za kwanza.

Lori halirudi mpaka kesho. Sina la kufanya ila kuandika hapa na kusikiliza mawimbi.


Jumatatu, 4 Novemba

Nimefika jana jioni, leo nimeomba ruhusa shuleni, nikaenda moja kwa moja mlunduni. Najua haziguswi. Nimechomoa shina moja la nyuma, pasipoonekana, nikalipasua bondeni.

Sijui nitaandikaje. Mwishoni mwa barabara amejijengea chumba. Chumba! Amekifunga kwa nyuzi za mbao alizozitafuna, amelala humo chali. Si funza tena. Mweupe kama mshumaa, ana miguu, ana mabawa yamekunjwa kifuani, na vipapasio vile virefu amevizungusha kwa ustadi kama kamba iliyofungwa na fundi. Kila kitu kipo, bado rangi tu. Macho yalishaanza kuwa meusi. Nilipompulizia pumzi alicheza kiuno.

Nikapiga magoti kwenye majani. Si kwa ibada, ni kumtazama kwa karibu. Nilimwogopa, na nilimpenda, yote mawili kwa pamoja, na nikajua ndani ya mlundo ule wamo wengine wasio na idadi, wamelala hivi hivi, wanasubiri rangi.

Nimemwendea Nathaniel. Kashika kichwa. "Mwalimu, niliposema mchome, nilimaanisha siku ileile!" Nikamwambia ndugu yangu, hukusema. Kwa watu wa hapa kuni ni kitu cha kuchoma, ila kwa wakati wake. Akakaa kwenye ngazi ya ofisi na hakuinuka tena.

Nimemwambia Emilian. Amenisikiliza mpaka mwisho bila mzaha, kwa hiyo ameogopa. Atalipeleka jambo hili kwenye sengu Jumapili.


Jumapili, 10 Novemba

Wamekataa.

Emilian kanisimulia tukiwa tunateremka. Alisema yote, hata chumba cha mwisho wa barabara. Mzee Antoni akasafisha koo. Kasema zile si kuni tena, ni heshima ya watu. Nani atamwendea yule mjane wa ng'ambo ya mto na kumwambia mzigo wako tumeuchoma kwa ajili ya mdudu? Padre atakula nini, na watu wa parokia nzima? Na tangu enzi za babu yake hajaona bungua akitoka kwenye kuni.

Enzi za babu yake kuni zilitoka msituni! Emilian alijibu hivyo hivyo, nampongeza. Akapendekeza basi tuzifunike kwa turubai la kuanikia kahawa. Mzee akauliza, tuzifunike kama maiti? Basi zipasuliwe, Emilian akasema. Hapana, wageni waone zimesimama, waone tulivyompenda mtoto wetu. Na mmoja, simtaji hapa, kauliza Mnyasa anajua nini kuhusu kahawa.

Sina hasira na huyo. Hasira zangu ziko kwa Mzee Antoni, kwa sababu alichosema kuhusu mjane ni kweli. Mtu akiwa na makosa matupu unamkasirikia vizuri. Huyu kanikosesha hata hilo.

Nikaenda kwa Mama mkwe. Nikamwamkia, nikakaa chini, nikamweleza taratibu. Alikuwa anachambua mchele wa sherehe. Hakuinua macho. "Mwanangu, watoto wangu ni wengi. Padre ni mmoja." Halafu: "Miti nimeiogesha. Itajitetea."

Nimerudi nimejifungia. Emilian anagonga, anasema ugali unapoa. Upoe.


Jumamosi, 16 Novemba

Wingu limetanda juu ya vilima vya Namswea, mvua haijashuka. Udongo unanukia.

Asubuhi nimesimama karibu na mlundo na kutega sikio. Wanasikika! Krr. Kimya. Krr, krr. Wanakwaruza kuja nje.  Tadea alikuja na ndoo, nikamwekea sikio lake kwenye shina, akaruka kama ameungua. Sasa naye haamini tena sengu, lakini anasema yeye nani.

Na mmoja ametoka, wa kwanza, mbele yangu. Tundu lilianza kama nukta, unga ukamwagika, kikatokea kipapasio kimoja. Kikapapasa hewa. Kikarudi ndani! Baadaye viwili. Halafu uso. Uso wenyewe umesimama wima kama wa ng'ombe, una huzuni. Akajivuta polepole, mguu mmoja mmoja, akakaa juani kujikausha. Miaka miwili gizani na hili ndilo jua lake la kwanza. Nikamshika. Akalia! Kweli, analia – anasugua shingo kwenye mabega, kwii, kwii, kama mlango mdogo wenye kutu. Mdudu aliyeua shamba langu analia mkononi mwangu.

Nimemuua. Nilitaka iandikwe hapa kwamba nilimuua, na kwamba nilimwomba radhi kwanza.


Alhamisi, 21 Novemba – Mbinga

Shemeji Ignatio ni padre. Amelala kifudifudi sakafuni wakati wa litania, soli za viatu zinaonekana, zimeisha upande. Mama alikuwa anamtazama hata hapepesi macho. Nilisahau bungua kwa saa nzima.

Wakati wa kumpongeza nikamnong'oneza habari za kuni. Kanishika mikono yote miwili. "Shemeji, siwezi kuanza upadre kwa kuwakatalia wazee zawadi." Na Jumamosi atakuja nyumbani kwa maandamano, magari na honi. Kila mtu katika ukoo huu ana sababu nzuri!


Ijumaa, 22 Novemba

Mvua! Kubwa, tangu saa tisa mchana. Mlundo unavuja maji. Mama ametoka mara tatu kuutazama, mwavuli mkononi. Ng'ombe amefika, amefungwa kwenye mgomba, analalamika. Mchele umechambuliwa. Emilian ananoa visu. Mimi sina kazi ila kungoja jua.


Jumamosi, 23 Novemba

Nimeungua kiganja cha kushoto. Tadea kanikalisha hapa jikoni na beseni la maji, kaniambia nikiinuka atanikalia. Mkono wa kulia mzima, daftari lilikuwa kwenye mkoba wa shule. Basi naandika, na kuchungulia mlangoni.

Asubuhi jua lilitoka kali. Mashina yakaanza kufuka mvuke. Halafu wakatoka. Si mmoja mmoja – wote! Kila ulipotazama tundu linafunguka, vipapasio vinatoka, vinapapasa. Mlundo mzima ulikuwa unatikisika vipapasio kama majani. Kuku walikimbilia, wakala, wakashiba, wakasimama wamefungua midomo. Bungua waliobaki wakapanda juu kabisa ya mlundo, wakageukia upepo, wakafunua mabawa. Wanaruka vibaya, wazito, miguu inaning'inia. Lakini wanaruka. Na shamba la Mama liko hapo hapo. Jua linapita kwenye mabawa yao, wamejaa hewani, wananguruma taratibu. Sijaona kitu kizuri namna ile maishani mwangu, na kilikuwa kinakwenda kututia ufukara. Wamama waliokuja kupika walisimama na masufuria. Mmoja akafanya ishara ya msalaba.

Mama Ottilia alikuwa ameshavaa kitenge chake kipya. Akapanda shambani peke yake. Hakukaa. Alishuka na mmoja katika ngumi, jike, tumbo limejaa. Akanifungulia kiganja. Akasema alikuwa ameinama chini kabisa ya mti, katikati ya mizizi, mahali gunzi halifiki, anauma gome.

Yule akawa analia, kwii, kwii. Mama akamsikiliza. Sura yake sitaisahau. Alikuwa hajui kwamba wanalia.

Akaingia jikoni, akatoka na kijinga cha moto na chupa ya mafuta ya taa. Nikasema, Mama, Baba Mkubwa je? Ni yeye wa kuwasha. Akasema, "Shika upande wa upepo, mwanangu."

Basi nikashika. Tulijaza mabua makavu chini, tukamwaga mafuta, tukawasha. Tadea alipiga kelele kwanza, halafu akaleta mabua mengine. Kuni za kilima kizima. Za mjane pia – nilizitambua, nilizisogeza mimi mwenyewe, ndipo nilipoungua. Mashina yalikuwa yanapasuka kwa mlio, na ndani ya mlio ule walikuwemo wao. Mama anazunguka moto na fagio, wanaotoroka anawarudisha. Kitenge kipya kimetobolewa na cheche. Analia machozi na hafuti. Hatuna tena cha kumpikia padre kesho, na yeye ndiye mama wa padre.

Mzee Antoni amefika sasa hivi. Namwona. Nyuma yake wanaume wa sengu wote, Emilian yumo. Amesimama mbele ya moto, fimbo mkononi, amevaa koti la Misa. Mama amepiga magoti mbele yake na fagio lake, anamwamkia. "Shikamoo, shemeji." Hajaitikia. Bungua mmoja ametua kwenye mkono wa koti lake, anatembea kuelekea bega. Mzee anamtazama. Kamsogeza karibu na uso. Huenda analia, kutoka hapa sisikii.

Honi! Ziko kule ng'ambo, kwenye kona ya kanisa. Nyimbo pia. Maandamano yamefika.

Na mvua. Matone makubwa, yanapiga bati la jiko. Hapana, hapana, hapana. Moto haujaingia katikati, upande wote wa nyuma bado mzima, wamo humo wamejaa! Moshi umekuwa mweupe. Mama ameinua mikono juu ya moto, kana kwamba mikono yake inaweza kuukinga.

Mzee Antoni ameondoka. Ametupa fimbo, anakimbia – sikujua anaweza kukimbia – kuelekea kwake hapo jirani, kwenye sengu. Wanaume wametazamana, wamemfuata. Tadea anauliza ameenda kuleta nini, panga?

Nasikia misumari inang'oka.

Amepanda juu. Anang'oa bati za sengu, anazirusha chini, na Emilian na wenzake wanakuja nazo mbio, wameziinua vichwani juu, wanazishikilia juu ya moto, mvua inapiga juu ya bati, wao wamesimama kwenye moshi wanakohoa. Bati hazitoshi. Mzee anapiga kelele waje wengine. Gari la padre limesimama getini na nyimbo zimekatika. Tadea ameniacha na beseni, amekimbia. Mimi nami naenda, mkono mmoja unatosha kushika bati.